Ngozi si kitambaa cha kufuliwa

Mwaka 2025 ndio ambao nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, zilijiwekea kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kusafirisha nje vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki. Kabla ya hapo mkataba ulikuwa umeacha mwanya, kwamba kipodozi chenye zebaki isiyozidi miligramu 1 katika kila kilo hakikuguswa na katazo. Mkutano uliofanyika Geneva mwaka 2023 ukauziba mwanya huo. Kisha Mei 2025, katika mji huohuo, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kutaka magonjwa ya ngozi yahesabiwe miongoni mwa vipaumbele vya afya ya umma. Tanzania imo ndani ya mkataba ule, na azimio hili linatugusa kuliko wengi. Lakini nikisikiliza yanavyozungumzwa hapa Dar es Salaam, kwenye saluni za Sinza, kwenye daladala za Mbagala, kwenye makundi ya WhatsApp, nasikia habari zote mbili zikibanwa kuwa sentensi moja: sasa wanaojichubua watakoma.

Hapo ndipo tunapokosea, na kosa hili lina gharama. Mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu unaopakwa ili kuichubua ngozi iwe nyeupe, tumeujadili kwa miaka mingi kama suala la rangi, la tabia, la wanawake wasiojipenda. Hoja yangu ni kwamba mkorogo ni matumizi ya dawa kali, bila daktari na bila kipimo, juu ya kiungo kimoja kikubwa cha mwili kinachofanya kazi mchana na usiku. Kuiondoa zebaki ni jambo jema, lakini tukidhani kwamba zebaki ndiyo mkorogo wote, au kwamba mtu anayejichubua anahitaji kukemewa tu, tutaendelea kuteketeza shehena za makopo huku madhara yakijaa kwenye kliniki za figo, wodi za upasuaji na za wazazi. Ili niitetee hoja hiyo sina budi kuanza na ngozi yenyewe, kwa sababu kila uongo unaouzwa pamoja na mkorogo unasimama juu ya jambo fulani ambalo hatukufundishwa kuhusu ngozi.

Ngozi ya mtu mzima, ukiikunjua na kuitandika, inakaribia mita za mraba 2. Ukiihesabu pamoja na mafuta yaliyo chini yake, ina uzito wa karibu asilimia 15 ya mwili mzima. Ina tabaka tatu. La juu kabisa, ambalo wataalamu wanaliita epidemisi, ni jembamba mno: kwenye kope halifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na kwenye kisigino na kiganja linaweza kufika milimita moja na nusu. Uso wa tabaka hilo ni seli zilizokwisha kufa. Anayetaka kuelewa zinavyofanya kazi atazame paa la makuti. Kila kuti limekauka, halina uhai, na ukilichukua peke yake halizuii kitu. Lakini yakipandanishwa na kufungwa vizuri, masika nzima inapita na waliomo ndani hawaloi. Seli hizi zilizojaa keratini zimepandana hivyohivyo, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayoshika kila kitu mahali pake. Paa hili ndilo linalozuia maji ya mwili yasipotee hewani, na ndilo linalozuia vijidudu na sumu visiingie. Kwenye sehemu kubwa ya mwili ni jembamba kuliko karatasi ya daftari.

Chini ya paa, seli hai zinazaliwa bila kukoma na kusukumwa juu, na safari yao kutoka kuzaliwa hadi kubanduka huchukua takriban wiki 4 hadi 6. Hapo hapo chini, zimepangwa zile seli zinazotengeneza melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi. Watu wengi wanadhani mweusi ana seli nyingi za rangi na mweupe ana chache. Hapana. Idadi inakaribiana kwa binadamu wote. Tofauti iko kwenye kiasi, aina na mpangilio wa melanini inayotengenezwa. Kila seli ya rangi inawahudumia majirani wapatao 36, ikiwapelekea vifuko vya melanini kupitia vidole vyake virefu. Na jirani anapopokea vifuko vile havitapanyi ovyo: anavipanga juu ya kiini chake, upande unaotazama jua, kama mwanamke aliyejitanda kanga kichwani akitoka sokoni saa saba mchana. Ndani ya kiini mna vinasaba, na melanini inavifunika. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 vilionyesha kuwa ngozi nyeusi hupitisha asilimia 7 hivi ya miale inayounguza, ilhali ngozi nyeupe hupitisha asilimia 24.

Sasa iweke ngozi hiyo Dar es Salaam. Jiji hili liko chini kidogo ya nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, na jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba. Kondakta anayening'inia mlangoni, mama anayekaanga mihogo pembeni mwa barabara ya Mandela, dereva wa bodaboda, mvuvi wa Feri, wote wanakaa chini ya jua hilo wakiwa na kinga moja tu waliyozaliwa nayo. Nani anaweza kutuonyesha thamani ya kinga hiyo? Ndugu zetu wenye ualbino. Wao seli za rangi wanazo, ila hazitengenezi melanini ya kutosha. Nchini mwetu inakadiriwa kuwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa kikilinganishwa na sehemu nyingi za dunia, na saratani ya ngozi huwapata wakiwa bado vijana. Ndiyo maana kule Moshi, katika hospitali ya KCMC, kunatengenezwa losheni maalumu ya kuzuia jua kwa ajili yao. Kitu ambacho mwenye ualbino anakitafuta kwa shida, akikilipia nauli na foleni, ndicho ambacho dada wa mtaa wa pili analipa fedha kukiondoa. Sisemi hivi kumsuta. Nasema kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba rangi yake ina kazi.

Nimewahi kusimama Kariakoo, kwenye kichochoro kinachotoka Mtaa wa Kongo, nikatazama mkorogo ukitengenezwa. Beseni la plastiki la bluu. Losheni ya lita moja ikamiminwa yote. Mirija mitatu ya krimu ikakamuliwa hadi mwisho, mmoja baada ya mwingine, na huyo kijana akawa anaiviringisha kuanzia chini ili isibaki hata tone. Kisha unga mweupe kutoka kwenye nailoni iliyofungwa fundo, kijiko kimoja na nusu, na matone ya kitu cha manjano. Akakoroga kwa mwiko mpaka rangi ikawa kama ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa, akafungasha kwenye vikopo vidogo visivyo na maandishi yoyote. Mirija ile mitupu ilibaki pembeni ya beseni. Miwili kati yake ilikuwa imeandikwa klobetasoli.

Klobetasoli ni steroidi, tena ni katika zile zenye nguvu kubwa kabisa zinazopakwa. Ni dawa halali. Daktari wa ngozi anaitoa kwa ugonjwa maalumu, kwa wiki chache, mahali padogo, na kwa kawaida haruhusu ipakwe usoni. Inatuliza uvimbe na mwasho kwa haraka ya kushangaza, na inapunguza rangi, kwa hiyo wiki ya kwanza mpakaji anapendeza kweli. Chunusi zinatulia, ngozi inakuwa laini, watu wanamsifu. Lakini chini ya epidemisi kuna tabaka la pili, demisi, na humo ndimo zimo nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara, mishipa midogo ya damu, neva za kugusa na kuhisi joto, tezi za jasho na mizizi ya nywele. Steroidi inazizuia seli zinazofuma nyuzi zile. Ukiipaka mwezi baada ya mwezi, mfumaji anaacha kufuma. Ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaanza kuonekana kama ramani, michirizi mipana inatokea mapajani, mikononi, hata tumboni kwa ambaye hajawahi kushika mimba.

Muuzaji ana jibu la tayari kwa haya yote, na ni jibu linalostahili kuchukuliwa kwa uzito kwa sababu nusu yake ni kweli. Anasema: ngozi hujitengeneza upya kila mwezi, dada, ukiona inakusumbua unaacha, inarudi kama ilivyokuwa. Nimeshaeleza kuwa epidemisi inajirudisha kwa wiki chache. Ndiyo maana ukichubuka goti ukiwa mtoto hubaki na kidonda milele. Lakini demisi haina desturi hiyo. Nyuzi zilizokatika na kuacha mchirizi hazirudi kuwa kama mwanzo, hata ukiacha kupaka leo na kuishi miaka 40 zaidi. Hidrokwinoni nayo, ambayo huzuia utengenezaji wa melanini, ina madhara yanayokaa hukohuko chini. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini walieleza ugonjwa waliouona kwa wanawake waliotumia krimu za hidrokwinoni kwa muda mrefu: madoa ya buluu yenye weusi, mashavuni na kuzunguka macho, yaliyotokana na kitu kilichojijenga ndani ya demisi. Waliyapata madoa hayo walipokuwa wakitafuta weupe, na kuyatibu ni kazi ngumu mno. Afrika Kusini ikaipiga hidrokwinoni marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Kwa hiyo muuzaji anaahidi kile kinachofanywa na tabaka la juu, huku dawa yake inaharibu tabaka la chini. Anayejua kuwa tabaka ni zaidi ya moja hawezi kudanganywa hivyo.

Kuna dhihaka ya mitaani, ile ya uso Fanta, miguu Coca-Cola. Sote tumeisikia na wengi tumeicheka. Ningependa tuiulize swali ambalo hatuulizi: kwa nini iwe hivyo? Kwa nini uso ubadilike mapema na vifundo vya vidole vigome? Miaka ya 1960 watafiti wa Marekani walipima kiasi cha steroidi kinachopenya kwenye ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Wakichukua mkono wa mbele kuwa kipimo, paji la uso lilipitisha mara 6 zaidi, pembe ya taya mara 13, na ngozi ya korodani mara 42. Unyayo ulipitisha sehemu ndogo tu, kama moja ya saba. Paa la makuti ni nene pale panaposuguliwa na jembamba pale palipo laini. Ndiyo maana vidole, viwiko na magoti vinabaki vyeusi, na ndiyo maana kuna biashara nzima ya mafuta ya kutoa sugu, yenye asidi kali zaidi, kwa ajili ya vifundo peke yake. Tunachokicheka sisi ni kipimo halisi cha jinsi dawa ilivyopenya. Uso uliokwisha kubadilika ni mlango ambao dawa imekuwa ikiingilia kwa miezi, na ikishapita mlango huo inaingia kwenye damu.

Hapo ndipo zebaki inapopata nafasi yake sahihi katika mjadala. Zebaki huzima kimeng'enya kinachotengeneza melanini, lakini haibaki kwenye ngozi. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 watu wazima waliovimba kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini kwenye mkojo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha. Zaidi ya miaka 50 imepita, na waliougua walikuwa majirani zetu kabisa, lakini sidhani kama katika watu kumi wanaonunua mkorogo Kariakoo yupo mmoja anayejua kwamba kuna njia inayotoka shavuni hadi kwenye figo. Na zebaki haimheshimu aliyeinunua peke yake. Inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwenye mikono ya mtoto anayebebwa. Huko Marekani wamewahi kukuta zebaki kwenye mikojo ya watu wa nyumba moja ambao hawakuwahi kupaka kitu, ila waliishi na aliyepaka.

Kwa sababu hiyo siwezi kukubaliana moja kwa moja na wanaosema kwamba mwili ni wa mtu mwenyewe, aachwe. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote za upande wa pili, na wanaoidharau wanakosea. Mwanamke mzima ana haki ya kuamua anavyotaka kuonekana. Anasuka, anapaka hina, anatoboa masikio, hakuna anayemwingilia. Pia ni kweli kwamba mji huu unalipa weupe: tazama mabango ya matangazo, tazama anayepokea wageni kwenye ofisi kubwa, sikiliza sifa zinazotolewa ukumbini bibi harusi akiingia. Kumwambia msichana wa Manzese kwamba ajipende alivyo, halafu ukampa kazi mwenzake aliye maji ya kunde, ni kumfanyia unyonge mara mbili. Lakini uhuru wa kuchagua unahitaji kujua unachochagua, na kikopo kisicho na maandishi hakimpi mtu nafasi hiyo. Anayenunua hajui ni klobetasoli, hajui ni kiasi gani, hajui kama kuna zebaki. Huwezi kumwita aliyefungwa macho kuwa ameridhia njia.

Upande mwingine wapo wanaosema yote haya ni kasumba ya ukoloni, na tiba yake ni kujenga fahari ya weusi. Naiheshimu hoja hii, na historia inaiunga mkono kwa sehemu kubwa. Ila nimeona jinsi inavyotumika: inageuka kuwa matusi. Na anayetukanwa hujificha. Anaficha mkorogo chini ya kitanda, anaficha kwa mume, na baya kuliko yote anaficha kwa daktari. Binamu yangu alijifungua kwa upasuaji miaka michache iliyopita. Siku ya tano mshono ukaanza kuachia. Daktari alimuuliza mara mbili kama anatumia dawa yoyote, naye akajibu hapana mara mbili, kwa sababu kwake yeye ile haikuwa dawa, ilikuwa losheni, na kwa sababu aliona aibu mbele ya wauguzi. Nilikaa naye alasiri ile. Ngozi ya mkono wake ilikuwa kama karatasi ya kufungia sigara. Plasta ilipobanduliwa ikaondoka na kipande chake. Madaktari wa upasuaji wanaijua ngozi hii: haishiki uzi, haifungi kidonda kwa wakati. Aibu ndiyo iliyomnyima daktari taarifa aliyoihitaji, na aibu ile tulimpa sisi ndugu zake, kwa utani wetu wa miaka yote.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayokua kwa kasi kwenye simu zetu, ni ile ya kwamba cha asili hakina madhara. Baada ya sifa mbaya za zebaki, wauzaji wamebadili maneno: sasa ni limau, ni manjano, ni mchanganyiko wa bibi. Limau likipakwa kwenye ngozi kisha ukatoka juani linaweza kuunguza hadi malengelenge, na baada ya malengelenge linaacha madoa meusi kuliko pale ulipoanzia, kwa sababu lina kemikali zinazoamshwa na mwanga wa jua. Asili gani hiyo inayounguza? Na kuna dhuluma nyingine katika maneno haya, inayoniuma kama mtu wa pwani. Sisi tuna singo, tuna liwa, tuna dalia. Mwali alikuwa akisuguliwa na somo wake siku saba, na akitoka anang'aa kweli. Lakini singo inafanya kazi juu ya paa: inabandua seli zilizokufa zilizolegea, mafuta yanalainisha, mwanga unadunda vizuri kwenye ngozi iliyo sawa. Haigusi seli za rangi wala haishuki kwenye demisi. Mwali alitoka na rangi yake ileile, imetakata. Kuuza steroidi kwenye kikopo kilichoandikwa singo ni kulitumia jina la mabibi zetu kwa jambo ambalo hawakulifanya.

Nirudi kwenye marufuku. Zebaki, hidrokwinoni na steroidi zimekatazwa kwenye vipodozi nchini kwa miaka mingi sasa, kwa hiyo tarehe ya mwisho ya Minamata, kwetu, haikuleta katazo jipya. Kilichokosekana ni kitu kingine. Hadi katikati ya mwaka 2019 chakula, dawa na vipodozi vilikuwa chini ya mamlaka moja, TFDA. Kuanzia Julai mwaka huo vipodozi vikahamia Shirika la Viwango, TBS, na dawa zikabaki kwa mamlaka iliyopewa jina jipya la TMDA. Kimpangilio kuna mantiki. Lakini utazame mrija wa klobetasoli unavyosafiri. Umesajiliwa kama dawa, kwa hiyo mlango wake ni wa TMDA. Unauzwa duka la dawa bila cheti cha daktari, unapita mikononi mwa kijana wa kichochoroni, unaingia kwenye beseni, unatoka ukiwa kipodozi kisicho na jina, ambacho sasa ni cha TBS. Mkaguzi wa vipodozi anatafuta makopo ya magendo; mkaguzi wa dawa anatafuta dawa bandia na zilizokwisha muda. Mrija huu si wa magendo wala si bandia. Unapita katikati yao mchana kweupe. Ndiyo maana naona kuweka macho yetu yote kwenye zebaki, inayovuka mipaka kwa siri, kunatusahaulisha steroidi, inayouzwa kwa risiti.

Kama hoja yangu ni sahihi, basi kuna mambo yanayofuata. La kwanza ni krimu za steroidi kali kuchukuliwa kama tunavyojaribu kuchukua antibiotiki: hakuna cheti, hakuna mrija, na mwenye duka la dawa ajue kuwa akiuza mirija kumi kwa mtu mmoja ataulizwa. Wapo watakaosema hili litawaumiza wagonjwa wa kweli wa mbali. Nimelifikiria, na naamini kinyume chake ndicho kinachotokea sasa. Mama ana mtoto mwenye choa kichwani au shingoni. Anapewa dukani krimu ileile. Mwasho unaisha kwa siku tatu, wekundu unapotea, anadhani amepona, kumbe steroidi imeinyamazisha kinga ya ngozi na fangasi wanatambaa bila kizuizi. Baada ya mwezi choa imeenea na haifanani tena na choa, kiasi kwamba hata mganga mzoefu anaweza kuikosa. Kudhibiti mrija ule kungemlinda mtoto huyu kabla hata hatujafika kwenye urembo.

La pili ni swali moja kwenye kadi ya kliniki ya wajawazito na kwenye fomu ya kabla ya upasuaji: unapaka nini? Liulizwe kwa kila mtu, mweusi kwa mweupe, mwanamke kwa mwanamume, kwa sauti ileile tunayouliza kama mtu ana pumu. Wanaume nao wanapaka. Vinyozi wa mjini wanajua. Swali likiwa la kawaida, jibu nalo litakuwa la kawaida. Na la tatu ni darasani. Mtoto wa shule ya msingi anafundishwa kwamba ngozi ni mlango wa fahamu wa kugusa, basi. Ni kweli, lakini ni kidogo mno. Afundishwe kuwa ngozi inatengeneza vitamini D, na kwamba watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe hapahapa nchini waliwakuta na kiwango kizuri cha vitamini hiyo wakiwa na weusi wao, kwa hiyo weusi haujawanyima kitu chini ya jua hili. Afundishwe kuwa zile tezi za jasho, milioni 2 hadi 4, ndizo zinazompoza kwenye joto la Februari, na kwamba jasho linapoza likikauka, siyo likichuruzika; ndiyo maana unyevu wa Dar unatuchosha kuliko jua la Dodoma. Mtoto anayejua kazi zote hizo atakapofika miaka 18 na kuambiwa ngozi yake inahitaji kupunguzwa, atauliza kipunguzwe kitu gani hasa.

Lipo jambo ambalo kampeni nyingi zinalisahau, na linawahusu wale ambao tayari wamo. Mtu aliyepaka steroidi kali mwili mzima kwa miaka hatakiwi kuambiwa aache leo na kutupa kikopo. Mwili hutengeneza steroidi yake wenyewe, kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ukiuletea nyingine kutoka nje kila siku, tezi hizo hulala. Ukiacha ghafla hazijaamka, na mtu anaweza kudhoofika, presha ikashuka, hata kupoteza maisha akipatwa na homa au upasuaji wakati huo. Uso nao hulipuka: wekundu, moto, vipele, kiasi kwamba wengi hurudia kupaka siku ya tatu wakidhani ugonjwa wao umethibitika. Inapunguzwa hatua kwa hatua, daktari akiangalia, na pengine kwa vipimo vya damu na mkojo.

Binamu yangu alichukua miezi saba. Mara ya kwanza alipokwenda kliniki ya ngozi alikuwa amesafisha kikopo chake na kukitupa, kwa aibu ileile, na daktari akalazimika kukisia. Safari ya pili alikwenda na kikopo kingine alichokiomba kwa rafiki yake, kilichotoka beseni lilelile, akakiweka mezani bila kuulizwa. Kwa hiyo, dada au kaka unayesoma hapa na unacho cha kwako chumbani, usikitupe. Kifunge kwenye mfuko, nenda nacho hospitali kama kilivyo, na useme umekipaka wapi na kwa muda gani.